Cherop Wawili Katika Mfumo wa Bure

Kama umeajiriwa juzi katika shirika dogo la msaada, na mkurugenzi amekuita akakuambia, "Wewe unajua mambo ya kompyuta, tutafutie mfumo wa bei nafuu," keti kwanza tuongee. Usifungue intaneti bado. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo kichwa kikiwa kimejaa mvi, nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Leo nimestaafu, nafuga kuku hapa Bahati, na kuna jina moja ambalo nikilisikia likiitwa sokoni nageuka upesi, kisha naona aibu.

Jina lenyewe ni Cherop.

Shirika letu lilikuwa na vyumba viwili mjini Nakuru, juu ya duka la vipuri vya magari. Tulihudumia watoto wachanga waliozaliwa na nyayo zimepinda kuelekea ndani. Mguu wa namna hiyo hunyooka ukiwahiwa mapema. Daktari anauvuta kidogo kwa mikono na kuufunga plasta ngumu. Baada ya wiki moja plasta inatolewa, mguu unavutwa tena kidogo, unafungwa upya. Inakuwa hivyo mara tano, sita, hata saba. Siri yote iko kwenye ile wiki moja. Mtoto mchanga ananenepa kila siku, plasta hainenepi. Ikichelewa kutolewa, inaanza kumla.

Mimi nilikuwa mratibu. Kila Jumatano nilitakiwa kuhakikisha kwamba gari letu moja, dereva wetu mmoja na vitanda vinne vya kliniki vinakutana na watoto wote waliofikisha wiki, wawe wanatoka Bahati, Njoro au kule juu Kuresoi. Dereva alikuwa Salim, mzaliwa wa Nakuru kama mimi, ingawa babu yake alitoka pwani na wangu alitoka Bungoma kufanya kazi ya reli. Afisa wetu wa nyanjani alikuwa Njeri, binti mwenye diploma na subira. Subira yake niliitumia vibaya.

Kwa miaka mingi tulipanga safari kwa chaki, kwenye ubao uliopigiliwa nyuma ya mlango. Ulitufaa mpaka watoto walipozidi. Jumatano moja niliandika Bahati na Kuresoi saa moja, gari lile lile. Kina mama wa Bahati walikaa stejini wakingoja gari mpaka saa kumi jioni. Nilipofika kuomba radhi, mmoja wao aliniambia, "Mzee, ungetuambia mapema tungekuja na sufuria, tupike ugali hapa hapa."

Walicheka. Mimi sikucheka. Wiki hiyo nilianza kutafuta mfumo.

Mifumo niliyoiona ilikuwa mitatu. Wa kwanza aliuleta kijana mwenye tai, na kompyuta yake ilikuwa na michoro ya rangi kama kitenge. Kila alichoulizwa alijibu, "Hiyo iko, mzee." Tatizo ni kwamba ulilipiwa kwa kila mtumiaji, kila mwezi, na bei ilikuwa kwa dola. Dola haijui kama wafadhili wenu wamechelewa. Wa pili ulikuwa ule ambao wenyewe wameuachia ulimwengu, yeyote anauchukua na kuubadilisha atakavyo. Njeri aliupenda huo. Nilimwambia bure hiyo ni ya ng'ombe wa kuzawadiwa: maziwa ni yako, lakini nyasi, dipu na daktari wa mifugo pia ni vyako. Ungehitaji fundi wa kuutunza, nasi hatukuwa naye.

Wa tatu ulikuwa bure kabisa. Ulipanga gari, vitanda na watu, na uliwatumia wazazi meseji wenyewe. Ulikuwa na sharti moja tu: usiandike zaidi ya watu mia moja na hamsini. Ukipita hapo, unalipa.

"Mzee, hawa wametuwekea ukuta," Njeri aliniambia. "Tukiufikia tutafanya aje?"

"Tuna watoto tisini, Njeri. Ukuta uko mbali."

"Watoto wanazaliwa kila siku. Na wakimaliza plasta bado tunawafuata miaka minne, wanavaa vile viatu vya chuma. Hakuna mtu anatoka kwa hiyo listi."

Nilimwambia asiwe mtu wa kuogopa ogopa. Kisha niliujaribu mfumo kwa majina ya kubuni: Mtoto wa Kwanza, Mtoto wa Pili, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na tarehe yake safi. Ulifanya kazi bila kukwama hata mara moja. Hapo ndipo mnapokosea wengi wenu mpaka leo. Msijaribu mfumo kwa watoto wa kubuni, maana hao hawana shida. Chukueni yule mteja anayewasumbua kuliko wote, asiye na kitambulisho, anayeitwa majina matatu tofauti, anayeishi "ukipita posho mill, uliza," muone kama mfumo unamjua. Halafu upelekeni mahali pasipo na mtandao. Mimi niliujaribu mezani, nikinywa chai.

Baada ya mwaka na ushei, kile kimstari cha juu ya skrini kilichoonyesha nafasi zilizobaki kiligeuka chekundu. Siku hiyo Njeri alirudi na watoto wapya watatu wa kuandikishwa, na nafasi ilikuwa moja. Mfumo wenyewe ulinipa njia. Ulisema kuna majina yanayofanana, ukaniuliza kama ningependa kuyaunganisha yawe moja.

Nilipiga nayo kazi asubuhi nzima. Kwa kweli mengi yalikuwa yamerudiwa. Njeri alikuwa ameandika mtoto kliniki, nami nikamwandika tena ofisini. Nilikuwa naunganisha tu, moja baada ya jingine. Kisha likaja hili: Cherop. Msichana. Kuresoi. Simu ile ile. Tarehe za kuzaliwa zimepishana siku sita.

Nikajisemea, Njeri huyu, hata tarehe anakosea. Nikabonyeza. Kimstari kikaacha kuwa chekundu, nami nikaenda kujitengenezea chai ya pili.

Nilichopaswa kujua ni hiki. Ile simu haikuwa ya mama yeyote kati ya wale wawili. Ilikuwa ya Mama Ngetich, mwenye duka, mtu pekee pale kijijini ambaye simu yake haikosi chaji, na kina mama wote wa karibu walimtumia kama posta. Na Cherop ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kuresoi, mwezi wa nne, mvua ikinyesha! Unatarajia Cherop mmoja?

Na nilikuwa nimefundishwa. Kabla ya shirika nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha unga, chini ya mzee mmoja aliyeitwa Odhiambo, mkali kama pilipili. Aliniwekea sheria siku ya kwanza: ukikosea kwenye kadi, usifute, piga mstari mmoja ili anayekuja nyuma yako asome ulichokosea. Akikukuta na raba mfukoni aliitupa dirishani. Nilikaa naye miaka minane bila raba. Kisha nikapewa kompyuta na raba yenye meno, nikaitumia bila kumwita mtu hata mmoja anisimamie.

Jumatano iliyofuata Salim alirudi kutoka kliniki, akaja mpaka mezani kwangu. "Mzee, yule mama wa Kuresoi mwenye sweta ya kijani hakuwa stejini leo."

Nikamgeuzia skrini. "Tazama. Kuresoi, Cherop, amefika. Leo wamefika wote, asilimia mia."

"Mimi sizijui asilimia. Nimehesabu sweta."

Nikacheka, nikamwambia aende akale. Jumatano ya pili alisimama mlangoni tu. "Sweta ya kijani bado."

"Labda ameenda kwa mama yake," nikasema, na sikuinua hata macho.

Jumatatu asubuhi simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Mama Ngetich.

"Ni wewe Wafula? Huyu mtoto mwingine mlisema plasta ikae mpaka lini?"

"Mtoto gani, mama?"

"Si Cherop."

"Cherop alikuja Jumatano. Namwona hapa."

"Huyo ni wa Mama Mercy. Mimi nasema wa Mama Collins. Meseji yake iliacha kuja, mimi nikamwambia angoja, hao watu wa mguu wanajua kazi yao. Sasa vidole vimekuwa vyeusi na mtoto amelia mpaka sauti imeisha."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, siku kumi na tisa. Njeri alikuwa ameona uso wangu, akaninyang'anya simu.

"Mathe, sikiliza. Uko na yeye hapo? Ako nyumbani? Kimbia. Wachemshe maji, wayapoeshe yawe vuguvugu, waweke mguu na plasta yake ndani ya beseni. Ikilainika watafute mwisho wa bandeji, waifungue polepole. Wasikate na kisu. Umesikia? Wasikate. Sisi tunakuja."

Kutoka dukani mpaka kwa Mama Collins ni mlima, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu mizuri, na Mama Ngetich hakuwa msichana.

Tuliondoka sisi watatu. Tukapita Njoro. Mvua ilianza Elburgon. Nilijaribu kueleza jinsi majina yalivyofanana, na jinsi mtu yeyote angeweza kudhani ni mtoto mmoja. Salim aliniacha nimalize.

"Wewe unaitwa Wafula," alisema. "Kwa nini?"

"Nilizaliwa wakati wa mvua."

"Kwenu Bungoma kuna Wafula wangapi?"

Nikafuta ukungu kwenye kioo cha mbele.

"Nakuuliza, mzee. Ukisimama sokoni kwenu uite Wafula, wanageuka wangapi?"

"Wengi."

"Na hao wote ni mtu mmoja?"

Njeri alisema kutoka nyuma, "Salim, tafadhali, endesha." Akaendesha. Nashukuru mpaka leo kwamba hakunitazama.

Baada ya Molo lami iliisha na tope likaanza. Kilomita chache mbele tulikuta lori la viazi limelala likiziba barabara yote, tairi za nyuma zimezama, na wapakiaji wameketi juu ya magunia wakiwa wamejifunika karatasi za nailoni. Mmoja akatuambia, "Boss, hapa ni mpaka trakta ije. Trakta iko kwa chai."

Njeri alishuka, akavua viatu, akawaeleza kuna mtoto mguu wake unakufa. Wale vijana hawakuuliza swali la pili. Walishuka kumi au kumi na wawili, wakakata ua wa shamba la mtu, wakatandika matawi, wakalisukuma gari letu kupitia katikati ya viazi vya watu. Nami nilisukuma. Niliteleza nikaanguka kifudifudi, kijana mmoja akaniinua kwa ukosi, akasema, "Pole mzee, ni mjukuu wako?"

Nilisema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Tulipofika, Mama Collins alikuwa ameketi sakafuni na sweta yake ya kijani, mtoto mapajani, beseni mbele yake. Maji yalikuwa meupe kama maziwa. Plasta ilikuwa imetoka mpaka kwenye kifundo, na Mama Ngetich alikuwa akiifungua iliyobaki kwa vidole vyake. Ilipotoka yote, harufu ikajaa chumba. Vidole vilikuwa vimevimba na rangi ya zambarau iliyoiva, na kwenye kisigino palikuwa na kidonda ambacho ungeweza kuingiza ndani yake ncha ya kidole gumba. Mtoto hakulia. Alifungua kinywa tu. Njeri aliminya vidole kimoja kimoja na kuviachilia, akitazama kama damu inarudi. Kwenye cha tatu akasema, "Inarudi." Cha nne alikiminya mara ya pili. Kwenye cha tano akasema, "Twende."

Hospitalini, daktari aliuliza swali moja: "Nani aliamua plasta ikae siku kumi na tisa?"

Salim alinitazama. Njeri alitazama sakafu. Mimi nikasema, "Kulikuwa na hitilafu ya mfumo."

Vijana, kumbukeni hayo maneno matatu, hitilafu ya mfumo. Ni matamu sana mdomoni. Kesho yake mkurugenzi aliniambia niyaandike hivyo hivyo kwenye ripoti ya wafadhili, "maana si uongo kabisa." Nikayaandika. Wafadhili walijibu kwa barua ya kutupa pole. Lakini mfumo haukukosea. Uliniuliza kama ninataka kuunganisha, nikajibu ndiyo. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Nilijaribu kurudisha lile jina, na hapo nikagundua kitu kingine ambacho sikuuliza siku ya kuchagua: kwa wale wa bure, kilichounganishwa hakitenganishwi baada ya siku saba. Kwa hiyo, mkikaa na muuzaji, msimuulize mfumo unafanya nini. Hapo atawaimbia mpaka jua litue. Muulizeni nikikosea, narudije nyuma? Muulizeni tukiachana, majina ya watu wetu nitayatoa vipi, na kwa muda gani? Muulizeni siku ukijaa mnatufanyia nini, na msiondoke mpaka ajibu. Bei nafuu si dhambi, sisi watu wa msaada tunaishi kwa bei nafuu. Lakini kama unafuu wenyewe unategemea idadi ya watu mnaowahudumia, siku moja mtaanza kutafuta watu wa kupunguza, na mtajiona mnafanya usafi.

Na dereva awepo kwenye kikao cha kuchagua. Hata kama hajui kompyuta. Hasa kama hajui.

Baadaye tulihamia ule mfumo wa Njeri, tukampata fundi wa hapa hapa mjini anayekuja mara moja kwa mwezi. Tukampa kila mtoto namba yake mwenyewe, na pembeni jina la mama na mahali. Hakuna anayefuta jina peke yake. Wanasimama wawili mbele ya skrini, mmoja wao awe ni mtu anayemjua mtoto kwa sura. Inachosha. Nafurahi inachosha.

Mtaniuliza kuhusu mguu. Vidole vilipona, kimoja hakina ukucha. Kidonda cha kisigino kilichukua miezi miwili, na muda huo wote plasta haikuweza kufungwa, kwa hiyo mguu ulirudi ulikotoka na kukakamaa. Alikuwa amebakisha plasta mbili tu. Badala yake alipasuliwa mara mbili kabla hajajua kusema mama. Anatembea. Mteremko unamsumbua, na kule kwao hakuna barabara ambayo si mteremko.

Lakini ninachotaka mkichukue ni siku ya Alhamisi, siku tatu baada ya ile mvua. Nilikwenda wodini na matunda kwenye mfuko, nimejiandaa kumwambia Mama Collins kuhusu hitilafu. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala, mguu umefungwa bandeji nyeupe. Alikuwa mwanamke mdogo, pengine miaka ishirini na mitano. Alinipa kiti.

"Mzee, nataka kuuliza," alisema. "Ni nini nilikosea? Nilingoja meseji. Mama Ngetich alikuwa anaangalia simu kila siku."

Nilikuwa nimebeba jibu. Lilikuwa pale mdomoni, lile la maneno matatu. Nilimtazama huyu mtu ambaye kwa siku kumi na tisa alisikia mtoto wake akilia akamwacha na plasta kwa sababu alituamini, na sasa alikuwa akijitafutia kosa lake mwenyewe.

"Hukukosea kitu," nikasema. "Mimi nilimtoa kwa listi. Niliona Cherop wawili, nikafikiri ni mmoja. Sikuuliza mtu."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alimfunika mtoto vizuri.

"Sasa ako kwa listi?"

"Nimemwandika tena."

"Kwa hiyo kompyuta?"

"Ndiyo."

"Mwandike kwa karatasi pia. Unipe mimi."

Nilichana karatasi kwenye shajara yangu. Niliandika jina la mtoto, jina la mama, kijiji, siku aliyozaliwa, siku aliyofungwa plasta ya mwisho. Nikapiga sahihi. Aliichukua, hakuwa msomaji mzuri, akafuata mistari kwa kidole polepole mpaka mwisho. Kisha akanirudishia.

"Andika pia ni nani alimtoa," alisema. "Siku ingine wakiniambia hayuko, wajue watauliza nani."

Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kula, ananitazama. Niliweka ile karatasi juu ya goti langu, kalamu ikakataa mara ya kwanza, nikaisugua kwenye kiganja. Nikaandika majina yangu yote matatu.